Gombo la chumba cha chai cha Kijapani si pambo la ukuta. Tuongee kuhusu bokuseki

#1 Mlowezi wa Kyoto (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kwenye uzi mmoja wa safari za Japani nimekuta picha ya chumba cha chai, na mchangiaji kaandika kwamba ile karatasi ndefu yenye maandishi meusi ni urembo tu wa ukuta. Nimeshindwa kunyamaza. Naishi huku, najifunza chai kwa mwalimu mmoja wa mtaani, na watu wa chai hawana mzaha kabisa na hiyo karatasi, yaani gombo la kutundikwa. Bakuli laweza kuwa la bei ya kutisha, birika la chuma laweza kuwa na umri wa karne tatu, lakini kwa heshima vyote viko chini ya gombo.

Kuna kitabu kiitwacho Nanpōroku, kinachosemwa kuwa kimehifadhi mafundisho ya Sen no Rikyū (1522–1591), mtu aliyeipa sherehe ya chai sura iliyonayo hadi leo. Wataalamu wa sasa hawakubali kwamba yote yaliyomo yametoka kinywani mwa Rikyū, maana aliyekitoa ni Tachibana Jitsuzan, samurai wa Fukuoka, karibu miaka mia baada ya Rikyū kufa. Hata hivyo watu wa chai wamekifuata vizazi na vizazi. Kinasema wazi kwamba hakuna chombo kinachotangulia gombo, na katika magombo, ya kwanza ni yale yaliyoandikwa kwa mkono na watawa wa Zen, dhehebu la Kibuddha la kutafakari. Hayo ndiyo bokuseki. Sababu inayotolewa ni kwamba mgeni na mwenyeji kwa pamoja huheshimu maana ya maneno na fadhila za mtu aliyeyaandika.

Halafu kinaendelea: mwenye gombo mashuhuri aijenge tokonoma, yaani ile sehemu iliyoingia ndani ukutani, kulingana na gombo lake. Gombo likiwa pana na fupi, dari ya hapo ishushwe. Likiwa refu, dari ipandishwe. Mwashi anaifuata karatasi! Nani atasema hilo ni pambo?

Sasa tuone linavyotumika. Kwenye mwaliko kamili wa chai ya mchana, ambao huchukua kama saa nne, mgeni anaingia kwa magoti kupitia mlango mdogo sana. Hasemi na mtu. Anakwenda moja kwa moja mbele ya tokonoma, anaweka kipepeo chake cha kujipepea, kikiwa kimekunjwa, mbele ya magoti, anainama, anainua macho na kusoma, anatazama maandishi, jina la mwandishi na vitambaa vilivyozunguka, kisha anainama tena. Mwenyeji bado hajaonekana. Kwa hiyo anayempokea mgeni ni gombo. Baada ya mkaa kuwekwa, chakula kuliwa na vitamu kutolewa, wageni hutoka nje kwenda bustanini kupumzika. Huku nyuma mwenyeji analishusha gombo, anafagia, anatundika ua moja au mawili mahali pale pale. Wakirudi, gombo halipo tena, na hapo ndipo chai nzito inapoandaliwa. Limesema lake, limeondoka. Kwenye vikao vifupi vya siku hizi gombo na ua hukaa pamoja, ila utaratibu wenyewe ni huo niliousema.

Historia kidogo. Kabla ya hapo wakubwa walitundika picha za Kichina. Shoguni, yaani mtawala wa kijeshi, Ashikaga Yoshimasa (1436–1490) alikuwa na hazina ya vitu hivyo, zikiwemo kazi za mtawa mchoraji Muqi. Mwenyeji alikuwa anaonyesha alichonacho. Akaja mtu wa chai, Murata Jukō (1423–1502). Inasimuliwa kwamba alifanya Zen chini ya Ikkyū Sōjun (1394–1481), mtawa aliyekuja kuwa mkuu wa hekalu la Daitoku-ji hapa Kyoto, na Ikkyū akampa andiko la mkono wa Yuanwu Keqin, mwalimu wa China aliyeishi 1063 hadi 1135. Jukō akalitundika kwenye chumba chake cha chai. Tangu hapo mambo yakageuka: mahali palipokuwa pa kuonyesha mali pakawa mahali pa kumweka mwalimu.

Andiko maarufu la Yuanwu lililobaki hadi leo liko Makumbusho ya Taifa ya Tokyo, kule Ueno. Ni la mwaka 1124, lina takriban sentimita 44 kwa 52, na ni hazina ya taifa. Ndilo andiko la mwalimu wa Zen la kale zaidi lililobaki. Yuanwu alimwandikia mwanafunzi wake Huqiu Shaolong kuthibitisha kwamba amefikia mwamko wa Zen, na tulilonalo ni nusu ya kwanza tu. Wajapani huliita Yuanwu Aliyeelea, kwa sababu ya hadithi kwamba lilikutwa pwani ya Bonotsu, kusini ya mbali, ndani ya bomba la kiri, mti wa Kijapani wenye mbao nyepesi, likiwa limeletwa na mawimbi.

Karibuni tuchangie.

#2 Tai wa Mbeya

Uzi umeshiba mkuu. Ila niulize swali la mtu wa nje. Nimetazama picha kadhaa za hizo bokuseki, na mwandiko mwingi hauna mpangilio. Wino umekauka katikati ya herufi, mistari imepinda, mwingine umejaa wino mpaka umevuja. Mbona wanasifia mwandiko ambao hata mwalimu wa darasa la tatu angeukataa?

#3 Mlowezi wa Kyoto

Swali zuri, na ndipo penyewe hapo.

Wino huu husagwa kwa kuzungusha kijiti kigumu juu ya jiwe lenye maji, na karatasi hunywa papo hapo. Ukishagusa umegusa. Huwezi kufuta, huwezi kurudia juu, maana mstari wa pili utaonekana kuwa wa pili. Kwa hiyo kila kilichotokea mkononi kimebaki pale: alipoanza kwa nguvu, alipoharakisha, brashi ilipokauka naye hakusimama kuichovya. Watawa hawa hawakuwa wakitafuta herufi nzuri. Mtu aliyekaa miaka arobaini katika kutafakari anaandika maneno manne kwa pumzi moja, na watu wa chai wanataka kuiona hiyo pumzi.

Chukua mfano wa Takuan Sōhō (1573–1645), naye wa Daitoku-ji. Alipokuwa anakaribia kufa wanafunzi walimwomba shairi la mwisho, kama ilivyo desturi. Akaandika herufi moja, "ndoto", akaweka brashi chini. Ukiitazama herufi ile kwa jicho la mwalimu wa mwandiko utaona kasoro. Ukiitazama ukijua mkono ule ulikuwa wa nani na saa ile ilikuwa ipi, hutatafuta kasoro.

Na ndiyo maana watu wa chai hawatundiki mwandiko wa yeyote tu mwenye mkono mzuri. Wapo waandishi wa kitaaluma Japani, hodari sana, ambao kazi zao hujaza kumbi za maonyesho, lakini kwenye chumba cha chai anatangulizwa mtawa. Kuna tofauti chache. Takeno Jōō (1502–1555), mwalimu wa Rikyū, alitundika shairi la Kijapani kwa mkono wa mshairi wa kale Fujiwara no Teika, na baadaye mwalimu wa chai Kobori Enshū (1579–1647) alimpenda Teika kiasi cha kuiga mwandiko wake. Lakini hata hapo, kilichowavuta ni mtu mwenyewe.

#4 Dira ya Pwani

Assalaam alaykum wote. Mimi ni wa Mji Mkongwe, nimesomea madrasa, na nilipofika pale kwa Yuanwu nikasema hii naijua: ni ijaza. Mwalimu anaandika kwa mkono wake kwamba fulani amesoma kwangu, amefikia, na ana ruhusa ya kufundisha. Je, nimeelewa sawa?

#5 Mlowezi wa Kyoto

Waalaykum salaam. Umeelewa vizuri kuliko vitabu vingi vinavyoeleza jambo hili. Lile andiko la 1124 ndivyo lilivyo hasa: mwalimu, jina la mwanafunzi, na mnyororo wa walimu waliotangulia. Bokuseki nyingi za zamani ni za aina hiyo, au barua, au maneno ya kumuaga mtawa wa Kijapani aliyekwenda China kusoma na sasa anarudi kwao. Hazikuandikwa zitundikwe. Zilibebwa kifuani mwa mtu kuvuka bahari. Ndiyo sababu nyingi ni pana na fupi, maana ni barua zilizogeuzwa magombo. Yale marefu membamba yenye mstari mmoja wa maneno, unayoyaona kwenye picha za siku hizi, yalienea baadaye, hasa kwa mikono ya watawa wa Daitoku-ji wa karne ya 17. Hao walijua kabisa kwamba wanaandikia chumba cha chai.

Kuna la kuumiza katika habari hizi. Xutang Zhiyu (1185–1269) alikuwa mwalimu wa China ambaye ukoo wa Daitoku-ji unatokana naye. Andiko lake moja lilikuwa mikononi mwa mfanyabiashara tajiri wa Kyoto, nyumba ya Daimonjiya. Mwaka 1637 mfanyakazi wa nyumba hiyo alijifungia ghalani, akalichana gombo, kisha akajiua. Lilishonwa upya, na mpaka leo linaitwa Xutang Aliyechanika. Nalo liko Tokyo, ni hazina ya taifa. Yule kijana alijua ni kipi ndani ya ghala lote kingemuuma zaidi bwana wake.

#6 Mzee wa Ngano

Naheshimu tamaduni za watu, lakini hapo kwenye kuinama mimi nakwama. Mtu mzima anapiga magoti na kuiinamia karatasi yenye maneno ya dini nyingine. Kwa sisi wenye imani zetu hiyo si ibada? Mleta uzi, wewe unafanyaje?

#7 Mlowezi wa Kyoto

Mzee wangu shikamoo. Swali lako ni la haki, na halikuanza leo.

Karne ya 16 Wakristo wa Japani walikuwa wengi kwenye chai. Anayejulikana zaidi ni Takayama Ukon (1552–1615), bwana mkubwa wa kivita na mmoja wa wanafunzi wa karibu wa Rikyū. Mtu huyu hakuwa vuguvugu katika imani yake. Alipotakiwa auache Ukristo alikataa, akapoteza ardhi na cheo, mwaka 1614 akafukuzwa nchini, akafia Manila mwaka uliofuata. Mwaka 2017 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenyeheri. Mtu wa namna hiyo aliishi na chai maisha yake yote.

Kwangu mimi, kuinama huku Japani ni salamu. Mwenye duka anakuinamia, mwanafunzi anamwinamia mwalimu, wachezaji wanainamiana kabla ya mechi. Mbele ya gombo namsalimu aliyeandika, na namshukuru mwenyeji aliyelichagua kwa ajili yangu. Mwalimu wangu anajua nasali wapi na hajawahi kuniuliza. Lakini mtu ambaye nafsi yake haimruhusu, akae tu kimya atazame. Hakuna atakayemvunjia heshima.

#8 Mshenga wa Maneno

Nimekaa pale nasoma. Nina hamu ya kujua hayo maneno yenyewe yanasemaje, na mwenyeji anachaguaje.

#9 Mlowezi wa Kyoto

Mengi yametoka kwenye mazungumzo ya walimu wa China wa karne ya 9 na 10. "Kila siku ni siku njema" ni la Yunmen (864–949). "Nenda ukanywe chai" ni la Zhaozhou, ambaye inasimuliwa aliwajibu hivyo watu wote waliomjia, mgeni na mwenyeji, ajuaye na asiyejua. Haya mawili hutundikwa wakati wowote.

Mengine yana majira yake. Mwaka mpya utaona ndege korongo na misonobari. Majira ya maua: "mti wa yanagi ni kijani, ua ni jekundu". Mwezi wa tano: "upepo wenye harufu njema unatoka kusini". Joto likizidi mwenyeji hutundika herufi moja tu, "maporomoko ya maji", na mtawa ameuvuta mstari wa mwisho chini mpaka karibu ukingo wa karatasi. Nimekaa mbele ya gombo hilo mwezi wa nane Kyoto, hewa nzito haitembei, na nakuapia jicho linapoa. Wakati wa baridi kuna "chembe ya theluji juu ya tanuru jekundu". Mwezi wa kumi na mbili wengi hutundika "pasipo jambo", kutoka maneno ya Linji kwamba mtu asiye na la kukimbilia ndiye mtukufu. Mwaka unaisha, kila mtu ana haraka, unaingia chumbani unakutana na hilo.

Mwenyeji anaanza na gombo, ndipo anatafuta bakuli, ua na vitamu vya kuliitikia bila kulirudia. Gombo likitaja mwezi, usiweke tena bakuli lenye mchoro wa mwezi. Mgeni mkuu atauliza: maneno yanasomwaje, ni ya mkono wa nani. Mwenyeji asiyeweza kujibu hajafanya kazi yake, hata kama chai yake ni tamu.

#10 Kipepeo Mweupe

Habari wakuu. Mimi nasoma uhifadhi wa karatasi, na nimepita kwenye karakana ya mafundi wa magombo, kwa hiyo niongezee upande wa ufundi. Watu wanatazama maandishi tu wakasahau kwamba karatasi ile peke yake isingefika miaka mia tisa.

Karatasi yenye maandishi hupakwa gundi kwa nyuma na kubandikwa karatasi nyingine, kisha nyingine, mpaka tabaka tatu au nne. Tabaka la kwanza ni karatasi ya Mino, nyembamba na imara. Yanayofuata ni karatasi za Misu na Uda kutoka Yoshino, mkoa wa Nara, zilizochanganywa na unga mweupe au udongo ili ziwe laini na nzito kidogo. Gombo linakunjwa na kukunjuliwa mara nyingi katika maisha yake, sasa tabaka zote hizo zikishikana kwa nguvu litavunjika mikunjo. Hapo ndipo gundi inapofanya kazi ya ajabu.

Ni wanga wa ngano. Hupikwa siku za baridi kali kuliko zote, mwishoni mwa mwezi wa kwanza, ukamiminwa kwenye mitungi na kuwekwa mahali penye giza na ubaridi kwa takriban miaka kumi. Kila mwaka ukungu unaondolewa juu na maji yanabadilishwa. Mwisho wake unapata gundi dhaifu, na udhaifu huo ndio unaotafutwa! Tabaka la kwanza hubandikwa kwa gundi mpya, yanayofuata kwa hii ya zamani, na kwa kuwa haishiki vya kutosha fundi anagongagonga mgongo wote kwa brashi nene mpaka nyuzi za karatasi zishikane. Halafu kazi inabandikwa kwenye ubao ikauke taratibu, wiki hata miezi. Mwisho mgongo unasuguliwa kwa shanga za kioo ili ulainike.

Faida yake inaonekana baada ya miaka mia. Gombo likichoka, fundi mwingine analilowesha, anabandua tabaka za zamani bila kuidhuru karatasi ya mtawa, anaanza upya. Fundi wa leo anamwekea fundi ambaye hajazaliwa njia ya kubandulia.

Vitambaa navyo vina daraja. Vipande viwili vyembamba vinavyogusa maandishi kwa juu na chini ndivyo vya thamani zaidi, mara nyingi hariri ya zari. Kinachozunguka ni cha chini yake, na kile cha juu kabisa na chini kabisa ndicho cha kawaida kuliko vyote. Sehemu ya juu huachwa ndefu kuliko ya chini, maana mtazamaji amekaa sakafuni. Kwa chai pande za kushoto na kulia hufanywa nyembamba sana. Mafundi wengine hutumia karatasi tupu badala ya hariri, na kwa mtawa aliyeishi maisha ya ufukara naona ndiyo inayomstahili.

#11 Mlowezi wa Kyoto

Asante sana Kipepeo. Hili la gundi nilikuwa nalisikia juujuu tu.

#12 Tai wa Mbeya

Nami nimeelewa sasa mkuu, nafuta kauli ya darasa la tatu. Swali la mwisho: mtandaoni naona magombo yanauzwa mengi tu. Mtu anajuaje la kweli?

#13 Kipepeo Mweupe

Mengi yaliyomo mitandaoni ni ya kuchapwa, na muuzaji mwaminifu atasema hivyo. Tumia kioo cha kukuza: uchapaji una vidoto vilivyopangana. Wino wa mkono una uzito tofauti, na mstari ulipokatiza mwingine utaona umelala juu yake. Sanduku la mti wa kiri lenye maandishi ya mtawa kwenye kifuniko ni jambo jema, ila sanduku la kweli laweza kubeba gombo la uongo. Tatizo ni la kale. Kogetsu Sōgan (1574–1643), mtawa wa Daitoku-ji, aliletewa bokuseki nyingi sana azikague, akawa ananakili na kuandika ipi ya kweli na ipi bandia. Bandia zilikuwa tele tayari wakati huo.

Kama unataka la kutundika, tafuta la mtawa aliye hai au aliyefariki karibuni. Wanaandika mengi na hayana sababu ya kughushiwa sana.

#14 Asali ya Tabora

Samahani wakuu, mimi nina la vitendo. Shemeji alirudi kutoka Nagoya akaniletea gombo, maneno yake ni hayo hayo ya "kila siku ni siku njema". Niko Dar, Kigamboni, karibu kabisa na bahari. Nilitaka nilipeleke kwa fundi wa fremu liwekwe kioo lisiharibike. Nifanye hivyo?

#15 Kipepeo Mweupe

Dada, tafadhali usifanye hivyo. Fundi wa fremu atazikata fimbo zake za juu na chini na kulibandika kwenye ubao kwa gundi kali, na halitabanduka tena. Kioo kikigusa karatasi, na unyevu wa Kigamboni, utapata ukungu kwa ndani.

Litundike siku chache, ukutani pasipopigwa na jua wala kupulizwa moja kwa moja na kiyoyozi, kisha lishushe. Usilikunje siku ya mvua, maana utaufungia unyevu ndani. Lisikazwe likikunjwa, mikono iwe mikavu, usiguse maandishi. Liweke kwenye sanduku lake juu kabatini, mbali na ukuta wa nje, na kagua wadudu, kwa sababu ile gundi ya ngano ni chakula chao. Kati ya mwezi wa sita na wa tisa, hali ya hewa ya Dar ikiwa kavu kidogo, chagua siku isiyo na mvua ulifungue lipate hewa kivulini kwa saa chache. Ukiona madoa ya kahawia usiyafute kwa chochote. Nitumie picha ya mgongo kwenye ujumbe wa faragha nikuangalizie.

#16 Asali ya Tabora

Nimekuelewa. Nampigia fundi wa fremu sasa hivi asije kulichukua.